Video Iliyokatwa Mwanzo

Kila siku Christina akirudi kutoka shule alivua sare, akala, kisha akaomba simu ya baba yake. Hakuitaka kwa ajili ya michezo. Aliitaka kwa sababu ndani yake mlikuwa na kamera ya mwalo, pale wavuvi wanapoegesha mitumbwi na kushusha samaki. Akibonyeza mahali pamoja tu, ufuko wote ulikuwa mkononi mwake: mitumbwi iliyovutwa mchangani, vichanja vya dagaa, kina mama wakigeuza dagaa juani, na nyuma yao bafu la kina mama, ambalo ukuta wake wa mabati haukufika hata mabegani.

Kamera ilifungwa juu ya nguzo baada ya mashine za boti na dagaa kuibwa mfululizo. Wizi ulikuwa wa kweli na uliwaumiza watu. Lakini watu wa mwalo ule mdogo, ulio mbele kidogo ya Katonga, Kigoma, hawakuulizwa kamera ielekezwe wapi wala nani ataitazama. Waliamka wakakuta nguzo imesimama. Baba yake Christina, Bwana Rodgers, alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mwalo, kwa hiyo picha zilikuja kwenye simu yake. Na simu yake ilikuwa mikononi mwa mtoto wa darasa la sita.

Jumatano moja Christina alikuwa akitazama yaliyorekodiwa mchana. Akamwona Mama Yunisi, mama wa rafiki yake anayekaa naye dawati moja, amesimama kwenye kichanja cha Agnesi, muuza dagaa mwenzake. Agnesi mwenyewe hakuwepo. Mama Yunisi alikuwa akikusanya dagaa haraka haraka ndani ya gunia. Aligeuza kichwa huku na huku, kisha akajitwika gunia na kuingia nalo kwenye banda lake.

Christina hakuamini bahati yake. Amemkamata mwizi, yeye mwenyewe, akiwa amekaa nyumbani. Akakata kipande kile kifupi, akakituma kwenye kundi la simu la watu wa mwalo na maneno haya: Mwizi wa dagaa huyu hapa.

Bwana Rodgers aliporudi, kundi lilikuwa linachemka. Ujumbe ulitoka kwenye simu ya mwenyekiti, nani angeuliza swali? Mwanzoni alikunja uso. Kisha akasoma jinsi watu walivyokuwa wakimsifu, uso ukakunjuka. Alimwambia Christina kwamba amefanya kazi ya askari. Hakumuuliza kama kulikuwa na kitu kabla ya kipande kile.

Jioni hiyo Mama Yunisi alibeba gunia mpaka nyumbani kwa Agnesi. Ndivyo wanavyoishi wauza dagaa wa pale. Mvua ikitishia, humsubiri mwenzako, unamwanulia. Na dagaa wa asiyekuwepo ndio wanaoanuliwa kwanza, kabla ya wako. Mchana ule wingu jeusi lilikuwa limeinuka upande wa Kongo, ng'ambo ya ziwa, upepo ukapiga, kila mtu akakimbilia vichanja. Lakini wingu likapinda kusini, na halikudondosha hata tone. Agnesi alikuwa amempeleka mtoto kliniki, hakuona lolote.

Majirani walikuwa wameshajaa uani kwa Agnesi, simu mkononi.

"Unarudisha kwa sababu umeonekana," mmoja akamwambia Mama Yunisi.

"Niliwaanua, mvua ilikuwa inakuja."

"Mvua ipi? Mchanga mkavu huu?"

Agnesi alipokea gunia bila kumkaribisha mgeni wake. Na wale kina mama walioliona wingu kwa macho yao? Waliangalia chini. Aliyefungua mdomo kumtetea aliulizwa kama naye alikuwa akila mgawo.

Asubuhi Mama Yunisi alisalimia mwaloni kwa Kiha, "Mwakeye," kama siku zote. Hakuna aliyemjibu. Shuleni, Yunisi akipita, wavulana walimwambia acheke kidogo, kamera inamwona. Ikatangazwa kwamba Jumamosi kamati itakaa, na Mama Yunisi atazuiwa kuanika dagaa pale. Hakuwa na kazi nyingine.

Kwa nini hakwenda polisi kujitetea? Kwa sababu alikuwa na kumbukumbu. Alipokuwa msichana alisimamishwa njiani zaidi ya mara moja, akaambiwa athibitishe kwamba yeye si Mrundi, kisa lafudhi yake ya Kiha, inayokaribiana na ya Kirundi. Alizaliwa hapa, na mama yake alizaliwa hapa. Tangu siku hizo alijua kuwa ukishanyooshewa kidole, kazi ya kuthibitisha ni yako.

Ijumaa, Yunisi alihamia dawati la nyuma. Kabla ya kuondoka alimwambia Christina, bila hasira, "Kesho tukifukuzwa tunahamia kwa mjomba, kule Kasulu. Mama ameshafunga mizigo."

Christina hakuweza kula siku hiyo. Aliichukua tena simu, akaitazama rekodi tangu mwanzo. Khanga zilikuwa zikipeperushwa na upepo. Kina mama walikuwa wakikimbia. Mama Yunisi alivipita vichanja vyake mwenyewe bila kuvigusa, akaenda moja kwa moja kwa Agnesi. Alipokwisha kuliweka gunia ndani, ndipo alipotoka kuanua dagaa wake. Na kile kichwa alichokigeuza huku na huku kilikuwa kinatazama juu. Kamera haikuonyesha mbingu.

Alimwambia baba yake. Bwana Rodgers alitazama rekodi yote, kisha akasema jambo hili litamfanya aonekane mwongo mbele ya watu. Afadhali lipite.

Jumamosi watu walikusanyika kwenye banda la samaki. Alikuwepo pia Afande Brigita, polisi wa kata, aliyehamishiwa Kigoma kutoka Songea. Bwana Rodgers alikuwa ndio kwanza anafungua kikao, Christina akasimama.

"Shikamooni. Ile video niliikata mimi. Mama Yunisi hakuiba. Nzima imo kwenye simu ya baba."

Afande Brigita akanyoosha mkono kwa mwenyekiti, simu ikatolewa. Ikapita mkono kwa mkono. Agnesi ndiye aliyesimama kwanza. Alimshika Mama Yunisi mikono, akalia. "Uliwaacha wako ukaanza na wangu," alisema, "na mimi hata kiti sikukupa."

"Hiyo kamera ina jicho, haina shingo," mvuvi mmoja akasema. Watu wakacheka, kicheko cha mtu aliyetua mzigo. Mama Yunisi naye akacheka, akijifuta macho kwa khanga.

Afande Brigita hakucheka. Alimwambia mwenyekiti kwamba picha zile zisionekane tena kwenye simu ya mtu binafsi. Zitatunzwa kituoni na kutazamwa panapokuwa na shauri. Kamera igeuzwe ielekee mitumbwi na maghala, si bafu. Na kina mama wachague wenzao wa kuingia kwenye kamati. Bwana Rodgers aliomba radhi mbele ya wote, sauti ikiwa chini.

"Katiba inasema kila mtu anastahili kuheshimiwa maisha yake binafsi," Afande Brigita aliwaambia. "Haijasema isipokuwa muuza dagaa. Hata mtu aliyeiba kweli hahukumiwi kwenye kundi la simu. Mimi mwenyewe sina ruhusa hiyo, sembuse ninyi."

Watu walipotawanyika, Christina alimwendea Mama Yunisi akiwa ameinamisha kichwa, akamwomba msamaha. Yunisi alikuwa kando ya mama yake, na hakuondoka.

"Wezi wapo, na kuwatazama si kosa," Mama Yunisi alimwambia. "Lakini siku nyingine ukiona jambo usilolielewa, njoo kwa mwenyewe, au mwambie mtu mzima mmoja. Usiwaambie watu mia. Mmoja angeniuliza. Wale mia walinihukumu tu."