Ngazi Alikuwa Bado Kazini

Asubuhi ile Ngazi alipoondoka, mama yake alikuwa akishona suruali ya mteja. Walimwita Ngazi kwa urefu wake. Akisimama mlangoni, chumba kizima kiliingia giza.

"Toka mlangoni, mwanangu. Sioni tundu la sindano."

"Naondoka, mama. Utaona mpaka uchoke."

Akainama, akatoka, akaenda na kikosi chake kulinda amani nchi ya mbali.

Mwaka mzima alilinda kambi ya wakimbizi. Zamu ilipokwisha, akakabidhi bunduki, akaenda uwanja wa ndege. Pale akampa mwenzake mgonjwa nafasi yake.

"Tangulia wewe," alimwambia. "Mimi nitakuja na ndege ijayo."

Ndege ijayo ilikuwa baada ya siku tatu. Siku ya pili homa kali ikamshika. Hakurudi hai.

Baadaye jeshi likatangaza kuwa litachonga ukutani majina ya waliofia kazini. Mama alitaka kupeleka jina la mwanawe. Kaka yake, mjomba wa Ngazi, akamkataza.

"Tusijitie aibu, dada. Bunduki alisharudisha. Alikufa akiwa abiria tu."

Mama hakulipeleka jina.

Jumatano moja jirani yao alileta suruali ipunguzwe. Alikuwa karani mstaafu wa jeshi. Kwa miaka ishirini aliandika safari za askari. Mama akamweleza yote.

"Mama Ngazi, nani kakwambia kazi huisha na bunduki?"

"Kaka yangu."

"Kaka yako ni fundi baiskeli. Breki anazijua, jeshi halijui."

"Nipo hapa nakusikia," alisema mjomba kutoka kwenye benchi.

"Ndiyo maana nimepaza sauti. Sikilizeni. Kwa sheria ya jeshi letu, utumishi wa askari anayetumwa nje huanza siku anapovuka mpaka kwa amri, hata kama hajafika huko. Huisha anapokanyaga tena ardhi ya nyumbani. Njiani kwenda yumo. Njiani kurudi yumo."

"Na akikaa kusubiri ndege?" mjomba aliuliza.

"Kwani alikwenda kutalii? Alikuwa kazini. Na kumpisha mgonjwa ni kazi pia, tena si kila mtu anaiweza. Mna karatasi yake ya amri ya safari?"

Mama akaitoa sandukuni. Mjomba akaisoma polepole, kidole kikifuata maneno. Tarehe ya kuondoka ilikuwepo. Akafika mstari wa tarehe ya kurejea, akasimamisha kidole.

"Hapa hapajaandikwa kitu," alisema.

"Basi utumishi wake haukufungwa mpaka alipofariki," karani alijibu. "Pelekeni karatasi hiyo na cheti cha kifo. Orodha inafungwa Ijumaa."

Mjomba alikuwa tayari ameshika baiskeli yake.

"Panda, dada. Nimekukosea. Nitakupeleka mwenyewe."

Jina la Ngazi sasa liko ukutani, la nne kutoka chini. Wageni wakija, mjomba ndiye huwapeleka kuliona.