Programu ya Wilmer na Sauti ya Mzee Rosendo

Mimi ni mwoka mikate. Jina langu ni Hermelinda. Duka letu liko mtaa wa juu, hapa mjini Ambato, ambako upepo wa mlimani huupeperusha unga kabla sijaumwaga mezani. Mume wangu Gonzalo anakanda, mimi naoka. Mwanetu Wilmer anasoma kompyuta chuoni, na jioni hutusaidia kuuza. Huuza kwa mkono mmoja, maana mkono wa pili una simu.

Kila mwaka, Siku ya Marehemu ikikaribia, mtaa mzima unataka guagua. Ni mkate mtamu wenye umbo la mtoto mchanga aliyeviringishwa nguo, na tumboni una jemu ya mapera. Watu huula kwa uji wa rangi ya zambarau. Mwingine hupelekwa makaburini, akapewe marehemu mwenyewe. Siku hizo foleni yetu hufika hadi kwa kinyozi wa kona. Wenye miguu mizuri wanapata. Wengine wanarudi nyumbani bila kitu.

Mwaka uliopita, Bi Zoila alikuwa mmoja wa waliokosa. Ni mteja wetu tangu enzi za mama mkwe wangu. Miguu yake huvimba, hawezi kusimama muda mrefu. Alijaribu foleni, ikamshinda, akaenda kwenye kaburi la mumewe, Mzee Rosendo, mikono mitupu. Nilipopata habari niliumia sana. Nikamwambia Wilmer mwaka huu Bi Zoila ataagiza mkate wake akiwa amekaa kitandani. Atafute njia.

Wilmer aliichangamkia kazi hiyo. Akatengeneza programu ya simu. Mteja anaipakua, anaiweka kwenye simu yake, anaifungua, anachagua mkate. Aliiandika kwa lugha mpya ya kompyuta iliyokuwa ikisifiwa sana chuoni. Na guagua wake walikuwa wanacheza! Walizunguka, wakakonyeza jicho, wakapunga mkono. Gonzalo alicheka mpaka akakalia gunia la unga. Nami nilivimba kichwa, nisidanganye. Kila aliyeingia dukani nilimwambia aagize kwa simu.

Tukasubiri maagizo. Yakaja machache tu, mengi kutoka kwa marafiki wa Wilmer.

Wateja walipopita niliwauliza kulikoni. Mmoja alisema programu ilimaliza bando lake kabla haijaisha kupakuliwa. Mwingine alisema simu yake iliganda, guagua akabaki amefumba jicho moja. Wilmer alikasirika. Kwake yeye programu ilikuwa inaruka kama panzi. Lakini simu yake ni mpya, na intaneti anayotumia ni ya hapa dukani.

"Mama, tatizo si programu," alisema. "Watu wa mtaa huu ni wazito."

"Wazito hao ndio waliokusomesha," nikamjibu.

Jioni moja Bi Zoila mwenyewe aliingia, polepole, ameshika ukuta. Nilimpa kiti karibu na tanuri. Alitoa simu yake, kioo kimepasuka, mgongo umefungwa kwa mpira wa kubania nywele. Alisema programu inamwambia nafasi imejaa, afute vitu kwanza. Hajui afute nini.

Wilmer aliichukua simu kwa haraka zake. "Hili dogo, Bi Zoila. Kuna sauti nyingi humu na video. Nazifuta sasa hivi, halafu unaagiza."

"Za nani?" niliuliza.

Wilmer aligusa moja ili asikie. Ikatoka sauti ya mwanamume mzee, nzito, yenye kikohozi.

"Zoila, ukipita kwa Hermelinda niletee guagua. Wa jemu. Na usije ukamla njiani."

Mzee Rosendo. Wilmer alitoa kidole chake kwenye kioo kama mtu aliyegusa sinia la moto.

Bi Zoila aliipokea simu yake akaifuta kwa shali. Hakukasirika. "Mwanangu," alimwambia Wilmer, "nimebakiwa na hizi tu. Kama mkate wako unataka nimfute Rosendo, basi mwaka huu pia nitakwenda bila mkate."

Tulitaka kumsaidia mama huyu, na sasa tulikuwa tunamfukuza sisi wenyewe.

Aliyetutoa hapo ni jirani yetu Piedad. Kila jioni hununua mikate kwetu, na siku hiyo alikuwa amesimama palepale na mfuko wake. Piedad hutengeneza tovuti na programu za simu kwa ajili ya chama cha wakulima wa viazi. Ndiyo kazi yake, ameisomea. Kwanza alimwomba Bi Zoila ruhusa, akazinakili sauti zote na kuziweka mahali pengine salama, maana simu huanguka na simu huibiwa. Halafu akamgeukia Wilmer.

"Sasa mpatie nafasi, aweke programu yangu," Wilmer alisema, na uso umemjaa matumaini.

"Huyu leo kanikuta mimi," Piedad alisema. "Mwingine hatanikuta. Akiambiwa afute picha za wajukuu, atafunga simu aende supamaketi. Kaa chini."

Akamweleza, nami nikasikiliza huku napaka mayai juu ya mikate. Alisema kila programu ina pande mbili. Upande wa nyuma ni kama tanuri: kazi inafanyika huko, mteja haioni. Upande wa mbele ni kama kaunta: mteja anaona hapo, anagusa hapo. Wilmer alikuwa amechagua kaunta kabla ya kuwajua wateja.

Kuna njia kadhaa za kujenga kaunta hiyo. Unaweza kutengeneza programu ya aina moja ya simu, kwa lugha ya simu hiyo. Ina nguvu sana, inatumia kamera na kila kilichomo. Lakini wenye simu za aina nyingine utawajengea upya. Unaweza pia kuiandika mara moja ikafanya kazi kwenye aina zote mbili. Hiyo inapunguza kazi, ila bado mteja lazima aipakue na awe na nafasi. Njia nyingine ni ukurasa wa mtandaoni. Mteja anatumiwa kiungo kwenye WhatsApp, anakigusa, ukurasa unafunguka. Hapakui programu. Ukitengenezwa vizuri, simu inaukumbuka, na hata mtandao ukikatika katikati, agizo linasubiri na kwenda mtandao ukirudi.

"Ukurasa?" Wilmer alikunja uso. "Mambo ya zamani hayo. Wenzangu chuoni watanicheka."

"Wenzako ndio wanaokula guagua wetu?" nilimuuliza.

Piedad alicheka, lakini hakumdharau. Alimwambia lugha yake mpya si mbaya. Ingekuwa programu ya kupiga picha majani ya viazi yenye ugonjwa, huko shambani kusikokuwa na mtandao, angemshauri aweke programu kamili kwenye simu. Lakini mtu anaagiza mkate mara moja kwa mwaka. Kamera ya nini?

"Kabla hujachagua chombo, uliza," alisema. "Nani atatumia? Ana simu gani? Bando lake likoje? Anataka kufanya nini? Na la mwisho: wewe ukipata kazi Quito, nani atairekebisha?"

Wilmer alinitazama. Mimi najua kurekebisha unga tu.

"Basi tumia vyombo vinavyojulikana na wengi," Piedad alimalizia. "Ukikwama, utapata wa kumuuliza. Ukiondoka, atapatikana wa kuendelea."

Wilmer alinuna kidogo, ndivyo alivyo tangu utotoni. Kisha akamwomba Bi Zoila kitu ambacho sikukitegemea. Aliomba aruhusiwe kwenda kwake na kuijaribu kazi yake kwenye simu ile yenye mpira, kwa bando la kawaida, mpaka ikubali. Bi Zoila alikubali kwa sharti kwamba aje na mkate.

Aliandika upya. Guagua wanaocheza aliwaondoa. Iliniuma kidogo, maana niliwazoea. Aliweka picha ndogo nyepesi, maandishi makubwa meusi yanayosomeka juani, na vitufe vinavyoenea kidole cha mtu mzima. Bi Zoila alikuwa akimwambia, "Hiki sikioni," naye anakikuza. "Hiki sikielewi," naye anakiondoa. Siku ukurasa ulipofunguka kwa Bi Zoila kabla hajamaliza kuvaa miwani, Wilmer alirudi nyumbani anapiga mluzi.

Kiungo kilisambaa mtaani. Maagizo yalikuja, ya wenye simu mpya na ya wenye simu kuukuu. Tulijua tukande kiasi gani. Watu walipita kuchukua mikate yao na kuondoka, na kinyozi alilalamika kwamba mwaka huu foleni haikumletea wateja. Siku hizi wafinyanzi wa bonde la chini nao wanamtaka Wilmer awatengenezee programu. Nilimsikia akiwajibu kwenye simu. Neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza wateja wao wana simu gani.

Agizo la Bi Zoila lilikuwa miongoni mwa ya mwanzo. Guagua mmoja, wa jemu. Wilmer alimpelekea mwenyewe, akamshika mkono hadi makaburini, nami nikafuata nyuma na chupa ya uji.

Bi Zoila aliweka mkate juu ya kaburi. Akatoa simu yake, akaigusa, na sauti ya Mzee Rosendo ikasikika kati ya maua. Niletee guagua. Wa jemu. Na usije ukamla njiani.

"Huyo hapo, mzee," Bi Zoila alimjibu. "Mzima. Sijamgusa."