Salfa ya Mathenge na Kabichi za Ruracio

Watiri alimkuta mumewe Mathenge shambani, mkebe mkononi, akinyunyiza unga wa njano kwenye kabichi. Ilikuwa mara ya tatu.

"Baba Njoki, hiyo tena?"

"Tuliambiwa zinakosa salfa. Si nimezipa salfa?"

"Umezipa mpaka ng'ombe anapiga chafya. Na majani machanga bado ni ya njano."

Mathenge aliendelea kunyunyiza. Watiri alishika kiuno. Ruracio ya binti yao Njoki ilikuwa imebakiza wiki saba. Wakwe wangetoka Timau kuleta mahari, na Watiri alikuwa ametangaza kanisani kwamba hatanunua kabichi hata moja.

"Watu wa Timau watakula nini? Huo unga?"

Alimpigia simu Anita, afisa wa kilimo. Anita alifika, akang'oa mche mmoja, kisha akanusa mkebe.

"Baba Njoki, hii si ile ya kuzuia ukungu?"

"Salfa ni salfa."

"Kwa mmea, hapana." Anita aligusa mzizi. "Huu umejengwa kwa seli, vyumba vidogo ambavyo macho hayaoni. Kila seli imezungukwa na utando, na kwenye utando kuna milango ya protini. Mlango wa salfa unapitisha salfeti, yaani salfa iliyoungana na oksijeni, tena iliyoyeyuka majini. Seli inatumia nguvu kuivuta ndani. Unga wako hauyeyuki. Vijidudu vya udongo vitaugeuza kuwa salfeti, lakini kwa baridi ya huku ni miezi."

"Ati mizizi imekataa salfa yangu?"

"Mizizi iko na njaa. Ikikosa salfeti, inaongeza milango. Imefungua yote inakungoja, na wewe unaleta mzigo usiopita."

Watiri alicheka. Mathenge hakucheka.

"Sasa tufanye nini?"

"Weka jasi ya unga kando ya mashina. Hiyo iko na salfeti tayari. Mwagilia maji iyeyuke. Na msimu ujao, pimeni udongo kwanza."

Baada ya wiki mbili, majani machanga yalianza kuwa ya kijani. Kabichi zikafunga vichwa.

Siku ya ruracio, mkwe wao Kinoti aliomba sahani ya pili. "Hizi kabichi mmezilisha nini?"

Mathenge aliweka kijiko chini. "Unajua, mzizi uko na milango..."

Watiri alifumba macho. Hotuba hiyo alikuwa ameisikia kila jioni kwa wiki saba.