Kiraka cha Sinia la Bi Batuli

Samaki walikosa ladha. Ndivyo mambo yalivyoanza, na asinicheke mtu, maana jini hana kawaida ya kupiga hodi.

Lukumani, fundi bati wa Ng'ambo, alileta nyumbani perege wazuri kutoka bwawa la Igombe, wamenona, na mkewe Sikuzani akawapika kwa chumvi na ndimu. Wakala, wakatazamana. Ilikuwa kama kutafuna kitambaa kilicholowa. Sikuzani akaongeza chumvi, akaongeza tena, wapi!

"Labda ni maji ya bwawa," akasema Lukumani.

Maji ya bwawa! Mtu mwenye lake moyoni husingizia hata mvua.

Perege wale walivuliwa kwa boti lake mwenyewe, boti la aluminiamu, kuukuu, alilolinunua kwa Mgiriki mmoja mkulima wa tumbaku aliyekuwa anarudi kwao. Kuku walikuwa wakitagia ndani. Mbavu zilikuwa nzima, lakini chini palikuwa na tundu la kupitisha kichwa cha mbuzi. Lukumani alilipenda hivyo hivyo. Alikuwa amechoka kuziba ndoo za watu, na Igombe samaki walikuwepo.

Kasheshe ikawa kiraka. Miaka ile ya vijiji vya ujamaa hata sabuni ilikuwa ya kupangia foleni, seuze bamba la aluminiamu. Risasi ya kuchomelea haishiki aluminiamu, na bati la kawaida halielewani nayo majini. Ni aluminiamu kwa aluminiamu, kisha unapiga ribiti, vile vipini vya kubana mabamba. Nyumbani kwake ilikuwepo moja tu nene ya kutosha: sinia la marehemu mama mkwe wake, Bi Batuli.

Ng'ambo nzima ililijua sinia lile. Bi Batuli alikuwa na jini, na kila Alhamisi alasiri alimwandalia humo halua na mayai, akafukiza ubani. Alipokufa, Sikuzani alilitundika limeelekea ukutani. Sinia la namna hiyo haliguswi mpaka wenzake Bi Batuli wa ngoma ya pepo waje wamuage jini anayelia humo. Lukumani alilijua hilo vizuri sana. Lakini mkewe alikwenda harusini Isevya, na mkasi wa bati ulikuwa mkononi.

"Mwenyewe kafa," akajisemea. "Jini atamdai nani?"

Akalikata.

Sikuzani aliporudi akakuta ukuta mtupu, alifoka hadi majirani wakaja. Hiyo ilikuwa kabla ya wale samaki. Baada ya samaki hakufoka tena, wala hakucheka, na huyu ndiye mwanamke ambaye kicheko chake kilisikika mtaa wa pili. Asubuhi moja aliepua sufuria kwa mikono mitupu. Viganja vikababuka. Aliyepiga kelele ni Lukumani.

"Mama Maua! Huoni umeungua?"

"Naona," akasema Sikuzani, akaviangalia viganja vyake kama vya mtu mwingine. "Kuona naona."

Maua, binti yao anayenyonya, akalia chumbani. Maziwa yakamlowesha mama yake gauni, na mama hakuinuka.

"Mtoto analia, mke wangu."

"Namsikia."

Alasiri ile Masolwa, Msukuma aliyempigia Lukumani makasia, alifika na baiskeli, akakataa hata kukaa. Alinong'ona kama yuko msibani.

"Mzee, mle botini mimi sirudi. Kuna mtu anakomba."

"Anakomba nini?"

"Nenda ukasikilize mwenyewe."

Lukumani akaenda, jua bado liko juu, akalikuta boti limevutwa mchangani, tupu, kavu, halina hata gamba la samaki, na alipoinama akasikia harufu ya ubani mahali ambapo hapakuwa na moto, kisha akasikia vidole, vidole vya mtu mwenye njaa vikizunguka ukingo wa sinia, vikikusanya punje ya mwisho, vikirudi, vikikwaruza pale mkasi ulipopita kana kwamba vinaitafuta nusu iliyobaki, na kila vilipokwaruza akahisi uso wake mwenyewe unakufa ganzi, mdomo, kisha mashavu, mpaka akapiga mayowe na asiyahisi yakitoka.

Alikimbilia Isevya kwa Bi Amne, mganga, shoga wa marehemu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kumbe ni wewe uliyekata?" Bi Amne hakutaka habari ndefu. "Umevunja pake pa kulia, baba. Sasa anakula kwa watu, anawakomba hisia, na ameanza na damu ya Batuli. Akimmaliza mkeo atahamia kwa kale kadogo."

"Nitamnunulia sinia jipya."

"Hapokei la pili."

"Basi mfukuze!"

"Anafukuzwa mwenye pa kwenda. Huyu anataka kiti, mtu wa kukalia. Nje ya damu ya Batuli atamkubali mmoja tu, aliyekata. Tena umwite mwenyewe, kwa ridhaa yako."

Lukumani aliogopa. Nani asingeogopa? Alilia pale pale mbele ya bibi wa watu, kisha akauliza waende lini.

Wakaenda Igombe siku ile ile. Bi Amne akawasha ubani, Lukumani akavua viatu, akakaa juu ya kiraka, akasema kwa sauti ndogo, "Waache watu wangu. Njoo kwangu." Hakuona kitu. Baridi ilipanda kutoka nyayoni, taratibu, na kila ilipopita palinyamaza.

Walipofika Ng'ambo kilio kilisikika tangu barabarani. "Mikono yangu! Mama yangu weee, mikono yangu!" Sikuzani alikuwa analia kwa maumivu huku Maua ananyonya, na majirani walikuwa wanamshukuru Mungu. Alipomwona mumewe alimtukana tusi zito kuhusu lile sinia, kisha akamwangukia kifuani.

"Nilikuwa mbali, Baba Maua. Nilikuwa nawaona tu."

"Umerudi," akasema Lukumani.

"Hebu mshike, nifungwe vidonda."

Akampa Maua. Mtoto akacheka, akamvuta ndevu. Lukumani aliviona vidole vile vidogo vikivuta. Akautafuta ule upendo uliompeleka Igombe, akautafuta tena, hakuukuta. Ikabidi ainamishe kichwa kuiangalia mikono yake, ajue kama bado amemshika.