Samaki wa Tangi la Tatu

Saa moja kasoro asubuhi, tangi la tatu la kituo cha utafiti wa samaki lilikutwa na maji matupu. Samaki pekee aliyerudi mtoni baada ya mwaka mzima baharini, fahari ya wanafunzi na wafanyakazi wa kujitolea, hakuwemo.

"Mlinzi ni wewe," Mhadhiri, mkuu wa kituo, alimwambia Mjomba. "Asipopatikana hadi saa sita, huna kazi."

Mpwa wa mlinzi, mwanafunzi waliyembatiza Inspekta kwa maswali yake yasiyoisha, alianza uchunguzi papo hapo. Kazi ile yeye ndiye aliyemtafutia Mjomba, naye hakuwa na nyingine.

Alianzia jikoni. Miiba ilikuwa kwenye kisahani cha paka, imenyonywa ikang'aa.

"Kesi imekwisha," alisema Mhadhiri.

"Paka gani anakamulia ndimu, Mwalimu?" Inspekta alinyanyua ganda.

"Basi ni mjomba wako."

"Mimi samaki hunivimbisha midomo," alisema Mjomba. Midomo yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

Nesi mstaafu, aliyejitolea kupima samaki, alikohoa. "Ndimu ni zangu, za chai. Lakini mwanangu, meno yangu haya na miiba vinaogopana."

Inspekta akaleta mashine ya kusomea alama. Mwaka jana, kabla ya kuachiwa mtoni, kila samaki alitiwa alama yenye namba yake, ndogo kama punje ya mchele, chini ya ngozi ya tumbo, na mashine ikiikaribia hulia. Aliipitisha juu ya miiba. Kimya. Alama, basi, ilikwenda na minofu.

Akawapanga wote mstari. Nesi, kimya. Wanafunzi, kimya. Mjomba, kimya. Hata paka alipimwa, akanuna.

"Mashine hii niliiombea fedha mimi mwenyewe," alisema Mhadhiri.

"Ndiyo, Mwalimu. Simama wima."

Ikalia. Mhadhiri akaingiza kitambi ndani. Ikalia tena, na namba kwenye kioo ilikuwa ya samaki yuleyule.

"Wiki tatu mke wangu ananilisha mboga za kuchemsha," alisema kwa unyonge. "Huku kutwa nashika samaki, nawapima, nawaachia. Jana uzalendo ulinishinda."

"Na Mjomba kakukosea nini?"

"Hakuna. Alikuwa karibu tu."

Inspekta alitamani kumtupia ile mashine. Mhadhiri akamgeukia mlinzi. "Niwie radhi, mzee. Kazi ni yako."

Mjomba alifikiri. "Hiyo alama ni mali ya kituo?"

"Ndiyo."

"Na mimi nalinda mali ya kituo."

Akachukua kiti, akakiweka mlangoni mwa choo, akaketi na kukunja nne.

"Ukiwa tayari, Mwalimu."