Ulimi wa Kuazima

"Bado," alisema Besi, akilamba kijiko. "Chumvi haijakolea."

Pilipili akatia kijiko kingine cha chumvi kwenye mchuzi wa kuku wa moshi, bila kuuliza mara mbili. Binti huyu alipika mapishi ya Karibi katika klabu ya mjomba wake, ile ya muziki wa rege na densihol. Tangu mafua makali yamwibie ladha, miezi mitatu sasa, alikuwa akionja kwa ulimi wa Besi, mpiga muziki wa klabu. Siri hiyo waliijua wao wawili tu.

Besi alikuwa na spika za kumng'oa mtu jino bila ganzi, lakini kumwambia msichana "nakupenda" kulimshinda.

"Na sasa?"

"Kimoja tena."

Mwongo mkubwa! Mchuzi ulishakolea zamani. Sasa ungeweza kukausha ng'ombe mzima na pembe zake. Lakini ukumbini alikuwa amekaa mama mwenye hoteli, pamoja na Mjomba, akingoja kuonja. Akiridhika, Jumatatu Pilipili angeondoka kwenda kuwa mpishi wake mkuu, safari ya siku nzima. Besi hakuwa na namna nyingine ya kumzuia. Ndivyo alivyojiambia.

Besi akarudi kwenye mitambo yake ya muziki ukumbini, na Pilipili akaleta sahani: kuku, wali wa maharage, ndizi za kukaanga. Mama akala tonge moja, akanywa glasi ya maji, ya pili, kisha akavuta jagi lenyewe. Akasema kwa upole kwamba huenda waliomsifia mpishi walizidisha. Mjomba akaonja naye, uso ukamshuka. Akamwambia mpwa wake kwamba asiyejua kipimo cha chumvi hana kazi hata jikoni kwake.

Pilipili angeweza kumtaja Besi. Hakumtaja.

"Nimekosea, Mjomba. Nisamehe."

Neno hilo lilimchoma Besi kuliko kofi. Akazima muziki.

"Hajakosea. Tangu augue hasikii ladha, mimi ndiye ninayemwonjea. Leo nimemdanganya."

"Kwa nini?" Mjomba aliuliza.

"Ili asiende."

Mama mwenye hoteli akamgeukia Pilipili.

"Miezi mitatu unapika bila ladha, na watu wanapanga foleni?"

"Mkono wangu unakumbuka vipimo, mama. Yeye alikuwa ananiondoa wasiwasi tu."

"Basi kesho nipikie kwa mkono. Huyu asikaribie sufuria."

Besi akamfuata jikoni. Pilipili alikuwa akisugua sufuria, hakugeuka.

"Nilikuwa nakupenda," alisema Besi.

"Ungesema. Nilishapanga kumkatalia yule mama. Nilitaka tu Mjomba asikie kwamba ninafaa."

"Na sasa?"

"Sasa naenda. Toka jikoni kwangu."

Kesho yake akapika peke yake, mama akaramba mpaka mifupa. Jumatatu Pilipili akaondoka.

Besi akawa anamtumia ujumbe kila asubuhi: "Nisamehe." Siku ishirini na tisa, kimya. Mchana alipiga rege za huzuni hadi Mjomba akamwuliza kama klabu imegeuka matanga. Siku ya thelathini ukaingia ujumbe wa Pilipili:

"Njoo Jumapili. Ila ule kwanza kwenu. Sijakuamini kiasi cha kukupikia."

Jumapili Besi aliondoka alfajiri, bila kutia kitu mdomoni.