Saandia ni Binti wa Nani?

Mwaka 1977, Mouridi alikuwa fundi cherehani mjini Moroni. Kila asubuhi alikunywa chai na Saandia, kisha yeye akaenda dukani na Saandia akaenda shule. Saandia alikuwa na miaka kumi na sita. Alimwita Mouridi baba.

Lakini mama yake mzazi alikuwa Kamaria, dada yake Mouridi, aliyekaa Mutsamudu. Saandia alipoletwa Moroni kusoma, hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Mouridi hakutaka usumbufu. Alikwenda kwa kadhi akamwandikisha kama binti yake. Nani angemlaumu? Kwao mtoto wa dada ni mtoto wako, basi.

Siku moja Kamaria alifika kutoka Mutsamudu, barua mkononi, hata chai hakutaka. Barua ilitoka kwa mumewe Inzoudine, baba mzazi wa Saandia, baharia aliyeishi Marseille. Visiwa vya Komoro vilikuwa vimepata uhuru kutoka Ufaransa. Inzoudine alitaka kubaki raia wa Ufaransa, na ilimbidi atoe tamko kabla muda haujaisha. Watoto wadogo wangeandikwa pamoja na baba yao. Zilibaki wiki tatu.

"Vyeti vya wadogo zake watatu ninavyo," alisema Kamaria. "Cha Saandia kinasema baba yake ni wewe. Tuondoke sote, yeye abaki?"

Mtu mmoja sokoni alikuwa tayari kumtengenezea cheti kipya siku hiyo hiyo, na Mouridi, tuseme kweli, alikaribia kukubali. Bahati yake, alipita kwanza kwa jirani yake Zouhoura, karani wa uandikishaji.

Zouhoura alimkatisha tamaa palepale. Cheti cha sokoni hakimo kwenye daftari lolote. Kikikaguliwa, familia nzima itatiliwa shaka.

"Aliyeandika ni kadhi," alisema. "Rudi kwake ukaseme ukweli. Nenda na mashahidi wawili waliokuwapo mtoto alipozaliwa. Ukipata hukumu, omba nakala, uziweke mahali mbalimbali."

"Nitafungwa?"

"Siwezi kukuahidi. Lakini anayekwenda mwenyewe kusahihisha husikilizwa zaidi kuliko anayekamatwa."

Mouridi akatoa lililokuwa likimchoma. Nchi imepata uhuru juzi tu, leo mtoto aandikwe Mfaransa?

"Uraia upi, hilo mkae nyumbani mchague," alisema Zouhoura. "Lakini hata akibaki Mkomori, siku ya ndoa walii wa kumwozesha atakuwa nani? Na mirathi ya baba yake ataipataje?"

Mouridi hakuwa amewaza hayo kamwe. Aliona aibu.

Jioni walimuuliza Saandia mwenyewe. Alimtazama mama yake, kisha Mouridi.

"Nataka kuandikwa pale walipoandikwa wadogo zangu," alisema polepole. Mouridi aliumia, lakini alitikisa kichwa kukubali.

Kamaria alirudi Mutsamudu kutafuta mashahidi. Siku zikapita, mvua ikanyesha, ndege haikuruka. Mouridi alishona mikono ya kanzu nyuma mbele, akafumua, akashona tena. Zilipobaki siku nane, Kamaria alifika na Mariama, mkunga mzee wa mtaa wa Hombo, pamoja na Attoumane, jirani yao wa huko Mutsamudu.

Mbele ya kadhi, Mouridi aliulizwa, "Binti huyu ni nani kwako?"

Miaka kumi alikuwa amelijibu swali hilo bila kufikiri.

"Ni mtoto wa dada yangu," alisema. "Nilikosea kusema vingine."

Kadhi alimkaripia hadi jasho likamtoka. Kisha aliwasikiliza mashahidi, mmoja baada ya mwingine, akaandika hukumu mpya. Nakala moja iliondoka kwa ndege iliyofuata na ikafika Marseille kwa wakati. Jina la Saandia likaandikwa chini ya jina la Inzoudine.

Miezi michache baadaye serikali ya mapinduzi ilifunga ofisi ili kuanza upya, na makaratasi ya zamani yakachomwa moto. Watu wengi walihangaika kutafuta vyeti vyao. Mouridi alifungua kopo la biskuti akaikuta nakala yake, kavu na nzima. Nyingine ilikuwa kwa Zouhoura.

Saandia akaondoka na mama yake na wadogo zake, na barua yake ya kwanza ikafika kutoka Marseille. Ndani alieleza habari za baridi, za shule, na za pasipoti yake mpya. Juu ya bahasha, mahali ambapo hakuna kadhi wala karani anayekagua, alikuwa ameandika: "Kwa baba yangu Mouridi, fundi cherehani, Moroni."

Mouridi aliisoma bahasha ile mara nyingi kabla ya kuifungua.